Ugali Mwekundu wa Legnaro na Dawa Inayochelewa Baharini

Ugali ulitoka damu. Hayo yalitokea kiangazi cha mwaka 1819 katika kijiji cha Legnaro, karibu na mji wa Padua, katika Italia ya leo. Nasema ugali kwa makusudi, maana polenta, chakula cha wakulima wa kule, ni unga wa mahindi uliosongwa kwenye maji ya moto, nao hauna tofauti kubwa na huu tunaokula sisi kwa dagaa na mchicha. Katika nyumba ya mkulima aitwaye Antonio Pittarello, polenta iliyolala ilikutwa ina madoa mekundu, mabichi, kama vile mtu amechinjia kuku juu yake. Madoa hayo yakarudi tena na tena, kisha yakaonekana katika nyumba nyingine. Basi unajua watu walivyo. Wakaanza kunong'onezana kwamba pale pana mkono wa shetani.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu mbili. Ya kwanza, mimi ni mtu wa hadithi. Sayansi yangu iliishia kidato cha nne, na hadithi ndiyo njia pekee niliyo nayo ya kuingilia jambo gumu. Ya pili, ndani ya ugali ule mna mwanzo wa habari ndefu ambayo mpaka leo haijapata mwisho: habari ya bakteria wenye rangi, wa nchi kavu na wa baharini, na matumaini ya wanadamu kwamba rangi hizo siku moja zitatuponya pale dawa tulizo nazo zinaposhindwa.

Aliyeufumbua mwujiza wa Legnaro alikuwa kijana mfamasia, Bartolomeo Bizio. Yeye hakwenda na maji ya baraka. Alichukua polenta safi, akaiweka mahali penye joto na unyevu, na kabla siku haijaisha nayo ikawa nyekundu. Kumbe shetani anaweza kufugwa kwenye sahani! Bizio akasema hiki ni kitu chenye uhai, na mwaka 1823 akakipa jina: Serratia marcescens. Neno la kwanza ni heshima kwa Serafino Serrati, Mwitalia ambaye Bizio aliamini ndiye aliyetangulia kutengeneza boti ya mvuke ila sifa zikaenda kwa wageni. Neno la pili maana yake kinachooza, kwa kuwa wekundu ule ulikuwa unapotea upesi. Bizio alidhani ni namna ya ukungu. Baadaye ndipo ilipojulikana kuwa ni bakteria.

Mwaka 1848, mjini Berlin, mtaalamu Christian Ehrenberg alikutana na doa lilelile jekundu, safari hii juu ya kiazi cha kuchemsha. Akarudi kwenye vitabu vya zamani, akakusanya visa vya mikate iliyotoka damu tangu enzi za Aleksanda Mkuu. Humo mna mambo ya kusikitisha. Katika karne za kati huko Ulaya, Wayahudi walisingiziwa kwamba wamechoma visu mkate mtakatifu wa Wakristo hata ukatoka damu, na kwa uzushi huo watu wengi waliuawa. Wataalamu wa baadaye wakaona kwamba baadhi ya "damu" hizo huenda zilikuwa kazi ya kijidudu hiki tu, kikijilia mkate wake katika unyevu wa kanisa.

Rangi yenyewe ikaja kuitwa prodijiosini, kutokana na neno la Kilatini la ajabu au ishara. Watu walikuwa wameshajibu swali la "ni nini?" Swali la pili, "ni ya nini?", hawakuwa wameliuliza. Mdudu mdogo kiasi hicho, asiye na macho wala mchumba wa kumpendezea, anahangaika kutengeneza rangi ili iweje?

Jibu lilianza kuchungulia kutoka kwenye rangi nyingine, ya bluu. Madaktari wa upasuaji wa karne ya 19 walikuwa wameizoea: bandeji za wagonjwa wengine zilikuwa zikitoka na usaha wa bluu unaoelekea kijani. Mwaka 1882 mfamasia wa Kifaransa, Carle Gessard, alimtenga bakteria anayesababisha hali hiyo. Leo tunamwita Pseudomonas aeruginosa, na rangi yake piosianini. Kisha mwaka 1899, mjini Munich, Rudolf Emmerich na Oscar Löw wakagundua kwamba maji yaliyochujwa kutoka kwa bakteria huyo aliyekuzwa muda mrefu yanaua vijidudu vya magonjwa kadhaa, dondakoo na kimeta vikiwemo. Wakaiita dawa yao Pyocyanase. Ikauzwa, ikatumika kwa wagonjwa, miaka takribani 30 kabla Alexander Fleming hajauona ukungu wa penisilini mwaka 1928. Pengine hiyo ndiyo antibiotiki ya kwanza kuingia hospitalini, na ni wangapi kati yetu tumewahi kuisikia?

Hatujaisikia kwa sababu ilitupwa. Leo ilifanya kazi, kesho haikufanya, na ilikuwa na sumu. Piosianini hupokonya elektroni ndani ya chembe hai na kuzalisha oksijeni ya aina kali inayounguza kila iliyemkuta. Haiulizi kama ni chembe ya kijidudu au ya binadamu. Hapa ndipo nilipoanza kuelewa kitu ambacho nataka ukishike, ndugu msomaji, maana ndicho kiini cha maneno yangu yote: rangi ya bakteria ni silaha yake, lakini silaha si dawa. Panga linaweza kukata jipu, lakini hakuna anayeingia nalo chumba cha upasuaji.

Mimi sikuyafuata haya kwa kupenda mambo ya kale tu. Miaka michache iliyopita nilishinda wodini nikimuuguza mjomba wangu aliyekuwa amepasuliwa mguu. Kidonda kilikataa kupona. Bandeji ikibanduliwa ina ule ubluu wa kijani. Usaha ukapelekwa maabara, na baada ya siku kadhaa ikaja karatasi. Juu limeandikwa jina la mdudu: Pseudomonas aeruginosa. Kushoto majina ya dawa, kulia herufi mojamoja. Nesi akanieleza: "S, dawa inamuua. R, amekuwa sugu." Nikashusha macho. R, R, R, R. Karibu na mwisho ndipo nikaiona S moja, ya dawa ambayo hapo wodini haikuwapo, tukaambiwa tukainunue nje. Ukoo ukachanga, haukutosha. Mjomba alipona, na shamba la mikorosho likaenda.

Basi huyo ndiye mdudu ambaye mwaka 1899 watu walitaka kumfanya tabibu. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilimweka, yeye aliyezishinda hata dawa kali za akiba, katika kundi la juu kabisa la vijidudu vinavyohitaji dawa mpya. Fleming mwenyewe, alipopokea Tuzo ya Nobel mwaka 1945, alionya kwamba kutumia dozi pungufu kutavifundisha vijidudu kuikwepa penisilini. Mwaka 1961 Uingereza iliripoti stafilokokasi sugu kwa methisilini, dawa iliyokuwa na miaka kama miwili tu tangu itoke. Na hesabu iliyochapishwa mwaka 2022 ilikadiria kuwa katika mwaka 2019 peke yake, watu milioni 1.27 duniani walikufa kwa sababu ya vijidudu sugu.

Nchi kavu ilipoanza kuishiwa siri zake, watu wakageukia baharini. Mmoja wa waliotangulia ni Mmarekani Paul Burkholder. Mwaka 1947 yeye na wenzake walitangaza dawa iliyopatikana kwa bakteria wa udongo aliyetoka karibu na Caracas, Venezuela. Dawa hiyo ni kloramfenikoli, ambayo wazee wetu wanaikumbuka kwa homa ya matumbo. Mtu mwingine angekaa ale sifa zake. Burkholder akaingia majini. Mwaka 1966 alieleza juu ya bakteria waliopatikana kwenye nyasi za baharini huko Puerto Rico. Nyasi hizo ni za jamii ya Thalassia, na ndugu zake wapo katika pwani yetu, ndiyo yale majani marefu ambayo mawimbi huyatupa ufukweni. Bakteria yule alikuwa ametengeneza kitu cha ajabu: sumu ambayo zaidi ya asilimia 70 ya uzito wake ni bromini. Bromini imo ndani ya maji ya chumvi, kiasi cha miligramu 65 kwa lita. Mdudu anaiokota humo, punje kwa punje, anafua silaha.

Katika sahani ya maabara silaha hiyo iliua stafilokokasi kwa kiasi kidogo mno. Ilipoingizwa ndani ya mnyama, haikufanya kitu.

Miaka kumi baadaye, kwenye pwani ya Nice, Ufaransa, Michel Gauthier alikuwa akichota maji ya Mediterania na kuwatazama bakteria walioota na rangi zao. Mwaka 1976 alimwelezea mmoja mwekundu, akamwita Alteromonas rubra, na katika mwaka huohuo yeye na mwenzake wakaandika juu ya wengine wa zambarau wanaotengeneza sumu za bromini. Mwaka 1979 Gauthier na Nancy Gerber wakachunguza wekundu wa yule wa kwanza. Ulikuwa nini? Ndugu wa damu wa prodijiosini. Rangi iliyowatia wakulima wa Legnaro hofu juu ya ugali wao, ilikuwa inaogelea baharini tangu zamani, hakuna aliyeijua.

Sasa tunaweza kulijibu lile swali la "ni ya nini?" Baharini mahali pa kukaa ni mali. Jiwe, jani, gamba la kaa, ngozi ya kiumbe laini kilichojishikiza mwambani, kila sehemu inagombewa kama vibanda vya sokoni. Aliyepata nafasi lazima ailinde dhidi ya jirani, na dhidi ya viumbe wadogo wanaozunguka wakichunga bakteria kama mbuzi wanavyochunga majani. Ile zambarau, inayoitwa violaseini, utafiti wa mwaka 2008 ulionyesha kuwa huwaua walaji hao wanapomeza bakteria aliyeivaa. Utafiti mwingine wa mwaka 2019 ulionyesha kuwa violaseini huharibu utando unaozunguka chembe ya bakteria, stafilokokasi akiwemo, mpaka vya ndani vinavuja. Meli ya Wadenmaki ilipoizunguka dunia kati ya 2006 na 2007 katika safari ya Galathea 3, bakteria wa zambarau walikuwa miongoni mwa waliookotwa wakionekana kuwa wauaji hodari.

Hapo msomaji atauliza, na ana haki: kama ni hivyo, dawa iko wapi? Mbona kwenye zahanati zambarau tunayoijua ni GV tu, ile inayopakwa mdomoni kwa mtoto mwenye utando, nayo imetoka kiwandani, si baharini?

Dawa imekwama njiani, na njia ina mabonde matatu. Bonde la kwanza ni mwili wenyewe. Violaseini na prodijiosini haziyeyuki vizuri katika maji, na damu yetu kwa sehemu kubwa ni maji. Kinachoua ndani ya sahani kinaweza kunaswa na protini za damu kabla hakijafika kidondani. Bonde la pili ni kutochagua adui. Prodijiosini huua hata chembe za binadamu, kiasi kwamba jamaa yake aliyetengenezwa maabara, obatoklaksi, alipelekwa kwenye majaribio ya saratani badala ya vidonda, na huko nako hakufika dukani. Zipo kazi nyingine za rangi hizi, mathalani kupaka vifaa au nguo zisiote vijidudu, na watafiti wanazijaribu. Lakini kupaka nguo ni jambo moja, kuingia kwenye mshipa wa mtu ni jambo jingine.

Bonde la tatu ni fedha, na hili ndilo linaloniudhi. Dawa ya shinikizo la damu mgonjwa huimeza kila siku ya maisha yake. Antibiotiki humeza siku saba, na iliyo mpya kabisa madaktari huifungia kabatini kama akiba. Muuzaji gani anapenda bidhaa hiyo? Kampuni ya Marekani iitwayo Achaogen ilipata kibali cha antibiotiki mpya, plazomisini, mwezi Juni 2018. Aprili 2019 ikatangaza kufilisika. Yaani ilishinda mtihani mgumu kuliko yote, ikafa kwa njaa.

Lakini nisije nikasema bahari haijatupa kitu. Imetupa, na hapa ndipo historia inapotucheka kidogo. Julai 1945, mjini Cagliari katika kisiwa cha Sardinia, profesa wa afya Giuseppe Brotzu alikuwa akitazama vijana wakiogelea mahali ambapo bomba la maji machafu la mji linamwagia baharini. Mjini homa ya matumbo ipo, lakini vijana wale hawaugui kama ilivyotarajiwa. Brotzu akachota maji yale yanayonuka, na ndani yake akapata ukungu unaoua vijidudu. Si bakteria, na rangi ya kushangaza hana. Hakuna ambaye angemwona juu ya ugali akaita majirani. Utafiti juu yake ukazaa dawa za sefalosporini, ya kwanza ikatoka mwaka 1964. Mojawapo ya kizazi cha baadaye ni seftriaksoni, sindano ambayo leo karibu kila aliyelala hospitali zetu, au aliyeuguza, anaijua jina.

Naam, sindano ile ni mtoto wa bahari. Na katika karatasi ya mjomba wangu, mbele ya jina lake iliandikwa R.

Kwa hiyo nikisikia watu wakisema bahari ni kubwa, dawa zitapatikana tu, mimi natikisa kichwa. Toka Brotzu achote maji hadi dawa ya kwanza ifike sokoni ilipita miaka 19, na huyo alikuwa na bahati. Toka Burkholder aeleze silaha yake ya bromini mwaka 1966 imepita zaidi ya nusu karne na bado ni silaha, si dawa. Wakati huohuo, sisi mtaani tunanunua kapsuli mbili za rangi mbili kwa mafua, ambayo hazina la kuyafanya, tunameza moja na kumwachia jirani nyingine. Kila tunapofanya hivyo tunafundisha darasa la vijidudu bure. Watafiti watafute, nami nawaombea. Lakini anayesubiri mvua haimwagi maji ya mtungini.

Liko jambo moja la mwisho ambalo nyie wenzangu mnaoshika kalamu mtalielewa kuliko daktari. Brotzu aliomba msaada wa kuendeleza kazi yake, hakuupata. Basi mwaka 1948 akaiandika yote, akaichapa katika kijarida cha taasisi yake mwenyewe pale Cagliari, kijarida ambacho nje ya kisiwa hakuna aliyekuwa akikisoma. Daktari mmoja wa Kiingereza aliyekuwa amefanya kazi Sardinia, Blyth Brooke, akazipeleka habari hizo Oxford kwa Howard Florey, mmoja wa walioifikisha penisilini kwa wagonjwa. Brotzu akatuma kipande cha ukungu wake, na Edward Abraham na Guy Newton wakaanza kazi. Kama asingeandika, au kama angengoja mpaka jarida kubwa limfungulie mlango, ukungu ule ungebaki kwenye maji machafu ya Cagliari hadi leo.